Mke Mwenza wa Ghorofa ya Tatu

"Shuka, Profesa. Niachie mimi hiyo fimbo," fundi alisema kutoka chini ya ngazi. "Una haraka gani ya kupanda mbinguni?"

"Shika ngazi, Joto. Kazi yako leo ni kushika ngazi."

"Nimeishika. Ila ukianguka nitakudaka na nini, na mgongo huu?"

Profesa alikuwa kileleni mwa mnara, amekumbatia fimbo ya kioo kama mtu aliyepewa kichanga cha watu akishike. Ilikuwa nene kama mpini wa jembe, na safi kiasi kwamba ukiitazama huioni yenyewe, unaona ukuta wa nyuma yake umepinda kidogo. Chini ya miguu yake tanuru lilikuwa linavuma. Mnara wenyewe ulianzia hapo ghorofa ya tatu ya jengo la chuo ukateremka kwa matundu waliyoyatoboa sakafuni mpaka chini kabisa, palipokuwa na gurudumu la kukunjia uzi. Fimbo huingia kwa juu, nene na ngumu. Uzi hutokea chini, mwembamba kama unywele, na ndani ya unywele huo mwanga husafiri mwendo ambao mtu hawezi kuumaliza maisha yake yote.

Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa ganzi tangu mvua zilizopita. Hakumwambia mtu. Daktari angesema sukari, mkewe angesema umri, na Joto angesema niachie mimi. Aliivuta glavu ikagoma, akaivuta tena, akashika fimbo kwa mikono miwili, akaichomeka kwenye kishikio, akakaza.

"Imekaa?"

"Imekaa."

"Imekaa kweli, au imekaa kama mguu wa kile kiti chako?"

"Joto, ukinichekesha nitaanguka, halafu ujibu wewe kwa shemeji yako."

Tanuru lile halikuwahi kuzimwa tangu siku lilipowashwa. Ndani yake mlikuwa na bomba la kauri, wao waliliita koo, na koo hilo lilikuwa na tabia moja mbaya: likishaonja moto, halivumilii baridi. Likipoa linapasuka, na likipasuka ndiyo basi. Kwa hiyo usiku na mchana, likizo na migomo, chuo kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, mmoja wa hao wawili alikuwa karibu nalo. Umeme ukikatika, walikimbilia jenereta kama watu waliosikia mtoto analia. Siku ya kumzika mama mkwe wake, Profesa aliona taa zinafifia, akainuka katikati ya wafiwa akaondoka bila kuaga. Tangu hapo mkewe akaliita tanuru mke mwenza. "Mke mwenzangu kaamkaje?" angeuliza asubuhi akimimina chai, na wageni wangecheka. Yeye mwenyewe hakuwa anacheka sana.

Vijana wawili ndio waliojenga mnara ule, kwa vyuma vya lifti iliyokufa na injini ya cherehani. Mmoja alikuwa ametoka masomoni ng'ambo na shahada na koti moja zito lisilokuwa na kazi tena. Mwingine alikuwa fundi wa kuchomelea aliyeajiriwa kwa wiki moja, akasahaulika hapo mpaka mvi zikamuota. Siku ya ufunguzi alikuja waziri. Alikata utepe, akauliza kama uzi huo unaweza kushonea nguo, watu wakapiga makofi. Ilisemekana nchi itavuta nyuzi zake yenyewe, itaunganisha kila mji. Miji iliunganishwa kweli. Uzi ulikuja na meli, umekunjwa kwenye magurudumu makubwa ya mbao, na mtaro wa kuufukia ulichimbwa ukipita chini ya dirisha la maabara. Profesa alisimama dirishani siku ile akiwatazama wachimbaji. Joto alimletea chai, wote wawili wakainywa hapo dirishani.

Wanafunzi wake walikwenda kuuza simu. Walikwenda kupanda nguzo, kufunga intaneti majumbani, wakinenepa. Walimpigia saluti barabarani: "Profesa Waya!" Jina hilo alilichukia mpaka moyoni, kwa sababu maisha yake yote hakugusa waya, aligusa kioo. Na kioo chenyewe alikuwa anakitafutia dawa: kioo ambacho mwanga ungepita ndani yake bila kuchoka njiani. Mapishi yake aliyabadilisha na kuyabadilisha, akachoma fimbo baada ya fimbo, nyingine zikatoka na mapovu, nyingine na ukungu. Hii aliyoichomeka leo ndiyo iliyotoka safi. Mashine iliyoitengeneza imeshang'olewa ikauzwa chuma chakavu. Nyingine haitakuwepo.

Maabara moja ya mbali ilikuwa imekubali kuupima uzi wake, mradi afikishe kilomita moja isiyokatika. Hicho tu. Kilomita moja ikitoka nzima, kazi yake itakuwa mahali fulani duniani, hata kama si hapa. Isipotoka, alikuwa mzee mmoja aliyechoma umeme wa watu.

Mkuu wa idara alipoingia, fundi umeme wa chuo alikuwa nyuma yake na mfuko wa vifaa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Mkuu. Saa kumi bado."

"Bado. Nimekuja kutazama, kama hutajali."

Alikuwa mwanafunzi wake huyu. Siku hizo walimwita Binti Swali, maana alikuwa haachi kuuliza; angekufuata mpaka mlango wa choo akiuliza kwa nini mwanga haupotei kwenye kona. Sasa alikuwa na miwani ya kamba shingoni na mihuri mezani, na chumba hiki alikuwa amekigawa kwa ajili ya madarasa ya jioni; leo saa kumi tanuru lilikuwa lizimwe. Alikuwa amejaribu kuzuia jambo hilo, ukweli usemwe. Kikaoni alisimama akatetea, mtu wa fedha akamjibu kwamba siku hizi faiba inauzwa dukani kama kamba ya kuanikia nguo, ukumbi mzima ukacheka, naye akakaa.

"Simama pale, usiguse kitu," Profesa alimwambia.

"Najua," alisema, akaficha mikono nyuma. Wote watatu walikumbuka. Mwaka wake wa kwanza aliwahi kushika fimbo kwa kidole kitupu, na Profesa akamfukuza darasani mbele ya wenzake. "Kidole chako kina jasho, kina chumvi, kina mafuta ya nywele! Tanuruni hicho ni kidonda. Hukioni, lakini uzi unakiona, ukifika hapo unakatika!" Binti alilia koridoni mpaka Joto akamwendea na kikombe cha maji.

Walianza. Joto alipandisha moto, fimbo ikateremka kooni taratibu, nao wote wakashuka chini kwenye gurudumu. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha ncha yake ikalegea ndani ya mwanga mweupe, ikavimba, likajitunga tone, tone likaanza kushuka kwa uzito wake lenyewe, likiburuta nyuma yake uzi usioonekana isipokuwa pale ulipometa. Lilipita ghorofa ya pili, likafika chini walipokuwa wamesimama. Profesa alilipokea, akalikata, akaupitisha uzi kwenye kikombe chenye plastiki ya majimaji ya kuupaka, chini ya taa ya kuikausha, akaufunga kwenye gurudumu. Vidole vilivyokufa vilifanya kazi hiyo kwa mazoea, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Gurudumu likazunguka.

Mkuu alisogea. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Kwa mara ya kwanza siku ile alifanana na Binti Swali.

"Ni unene gani huo, Profesa?"

"Soma kipimo mwenyewe. Macho unayo."

"Namba haitikisiki hata kidogo!"

"Itatikisikaje?" Joto alisema kwa majivuno. "Unadhani tumekuja kusuka mkeka?"

Fundi umeme naye akaacha kutafuna kijiti chake. Uzi ulishuka kama mvua ya tone moja. Profesa hakuwa anatazama saa, hakuwa anatazama mtu. Alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza gurudumu, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Joto hakuwahi kukiona tangu siku ya waziri.

Ukakatika.

Hakukuwa na kishindo. Mkia wa uzi ulichapa hewa tu, gurudumu likazunguka bure.

"Hutokea," Profesa alisema haraka. "Huwa hutokea mwanzoni. Tufunge upya."

Wakafunga upya. Ukaenda kidogo tu, ukakatika. Wakafunga tena, ukakatika, na safari hii Profesa alibaki amesimama na kipande mkononi, akikitazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Juu, fimbo iliendelea kuliwa na moto, inchi kwa inchi, kwa kuwa kioo kikishaanza kulainika hakuna wa kukirudisha.

Joto ndiye aliyeona kwanza. Aliangalia mkono wa kulia wa Profesa, akaangalia pembeni, akauangalia tena. Glavu ilikuwa imechanika, na kidole cha shahada kilikuwa kimechungulia nje, kitupu, kama kichwa cha kobe. Mkono ule ndio ulioibeba fimbo na kuizungusha wakati wa kuikaza. Kidole kilikuwa kimeigusa hapa na pale na pale, na mwenye kidole hakusikia kitu.

Mkuu alifuata macho ya Joto. Akaona.

Kisha akasema, kwa sauti ya kikao, "Ni gesi hiyo, Profesa. Gesi ya tanuruni waliyotuletea safari hii si safi."

"Si nilisema?" Joto alidakia, akafunga bomba lisilohitaji kufungwa. "Ile mitungi ilikuwa na kutu mdomoni. Nilisema mimi."

Hakusema. Profesa alijua hakusema. Aliwatazama mmoja mmoja, mwanafunzi aliyemfundisha kutosema chanzo asichokiona kwa macho yake, na mtu aliyekunywa naye chai maisha yake yote, na wote wawili walikuwa wanatazama mahali pengine. Ndipo akatazama walipokuwa hawataki kutazama. Kidole chake kilikuwepo pale, chekundu kidogo, kikimeta kwenye ncha. Alikikunja ndani ya ngumi polepole.

"Gesi," alisema. "Basi iwe gesi."

Fundi umeme aliuliza kama azime sasa. Mkuu alianza kusema wanaweza kungoja mpaka saa kumi ifike, akaishia njiani. Profesa alitikisa kichwa, Joto akaenda kwenye swichi mwenyewe. Hakukubali mkono mwingine uiguse. Mvumo ukashuka, ukashuka, ukawa kama mtu anayepumua chumba cha pili, ukaisha. Hapo ndipo waligundua kwamba chumba kile kina sauti zake: dirisha linalogonga, bomba linalodondosha maji.

Walikaa. Hakuna aliyesema wanangoja nini. Jua lilikuwa limesogea mpaka kwenye miguu ya mnara, ndipo juu ghorofani ikatoka sauti kama ya kijiti kikavu kinachovunjwa gotini.

"Nini hicho?" fundi umeme aliuliza.

"Si kitu," Joto alisema. "Twende zetu."

Nyumbani, mkewe alikuwa anakunja nguo kibarazani. Alimwona anaingia mapema, na jua lote lile nje, akaanza kama kawaida yake, "Mke mwenzangu hajambo?" Profesa alivua viatu. Alivipanga vizuri ukutani, kitu ambacho hakuwa na desturi nacho. Mkewe alishusha shati alilokuwa analikunja.

"Njoo," alisema. "Lete mkono."

Ilikuwa kazi yake ya miaka. Vipande vya uzi huingia mwilini na mtu asivione. Alikuwa amevitoa viganjani mwa mume wake, shingoni, vingine amevikuta kwenye shuka. Aliketi naye kwenye kiti cha mlangoni, akavaa miwani, akachukua kibanio kwenye mkebe wa sindano. Akavifungua vidole kimoja kimoja, mpaka cha shahada.

"Kimo hapa. Kinauma?"

"Hapana."

Alibonyeza. "Hapa?"

"Sisikii."

"Na hapa, baba? Nabonyeza kwa nguvu mwenzio."

Profesa alikuwa anatazama barabarani. Mkewe akakielekeza kidole kwenye jua. Chembe ya mwanga ikawaka kwenye ngozi, ndogo kabisa. Alipoleta kibanio ikapotea. Akakigeuza kidole kidogo, ikawaka tena. Akashikilia pumzi, akaleta kibanio.

Ikapotea. Akakigeuza tena.