Majina Yanayopanda

Mume akikudanganya kuhusu filamu, usimkatize. Mwache asimulie mpaka ajifunge mwenyewe.

Baudouin wangu alipeleka maharage Mbarara kila wiki, na akirudi Juru, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, alikuwa na filamu ya kutusimulia. "Nilikuwa nangojea gari, nikaingia ku video ya Meddy, karibu na stendi," alisema. Kisha alikula huku akitoa hukumu: hii si mbaya, ile ya ovyo kabisa, katika ile nyingine farasi alicheza vizuri kuliko watu. Binti yetu Vanessa alicheka, nami nikacheka, mpaka siku aliposema, "Ya leo ilikuwa muzuri sana. Nilibakia mpaka majina yote ikapanda."

"Majina gani?"

"Ile ya ku mwisho. Inapandaka polepole, na muziki."

Sikucheka tena. Vibanda vya video navijua. Mwenye kibanda anachoma mafuta ya jenereta, hana mchezo: adui akianguka tu, diski inatolewa, watu wanatoka, wengine wanaingia. Yule mfasiri anayepiga kelele za Kiganda juu ya filamu anakuwa ameshaanza kuisifu inayofuata. Mtu wa kibandani hajui kama kuna majina. Ili uyaone, lazima uwe umekaa nyumbani kwa mtu, kwenye kiti chenye mto, na mwenye nyumba hana haraka ya kukuona ukiondoka. Na mwenye nyumba huyo, nikajua, ni mwanamke.

Nikaanza kumchunguza. Nilinusa mashati yake kabla ya kuyafua. Nilimsikiliza akitueleza wapenzi walinong'onezana nini, nikajiuliza, kibandani nani anasikia minong'ono? Dalili ya mvua ni mawingu, na kwangu yalikuwa yameshatanda. Niliogopa, nasema kweli. Hapa ukimbizini sina kaka wala baba mkubwa wa kumrudia. Nikimpoteza Baudouin, nimebaki na mtoto na shamba la maharage.

Alipojikata mguu kwa jembe, nikaona Mungu amenifungulia njia. "Maharage nitapeleka miye," nikamwambia. "Unauzishia nani?" Akanitajia wa sokoni. Kisha, akitazama bandeji yake, akamtaja Goreti, mke wa askari, anayekaa nje ya kambi ya jeshi.

Nilianza na Goreti. Alinifungulia mlango mama mnene, mchangamfu, na nyuma yake niliiona televisheni imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kiti chenye mto kilikuwepo. Nilikichukia palepale.

"Miye ni bibi ya Baudouin," nikasema, nimekaza meno.

"Baudouin ya maharage? Yule mzee ya kulia!" Akageukia nyumba ya jirani. "Olivia! Kuja uone bibi ya mzee ya kulia!"

Olivia akaja, na wengine nyuma yake, wamebeba watoto. Waume zao walikuwa wamepelekwa Somalia. Mchana walikusanyika hapo kutazama filamu ili wasisikilize habari za vita redioni.

"Analeta maharage, anaomba kukaa na sisi," Goreti alisema. "Filamu ya vita, analia. Ya harusi, analia. Ikiisha mimi nataka kuzima, yeye anasema, ngoja mama, wacha kwanza wafu wapite. Anafikiri ile majina ni ya watu walikufa ndani ya filamu! Anatoa kofia kabisa, anasimama. Tulimwambia ni watu ya kazi tu. Hasikii."

Wakacheka, bila ubaya. Mimi nikakaa kwenye kile kiti.

Mtoto wetu wa kwanza, Bienfait, alikufa kwa homa tulipokuwa tunakimbia kutoka Kivu. Baudouin aliazima jembe, akachimba kando ya barabara, macho makavu, akasema twende. Hapakuwa na padri wala misa ya kumtaja jina. Tangu siku ile ananiita Mama Vanessa, nami namwita Baba Vanessa, na lile jina jingine halijatajwa nyumbani kwetu. Miaka yote nilimdhania ana moyo wa jiwe. Sasa niliona wivu mkali kuliko ule niliokuja nao: machozi niliyoyangojea mimi ameyapeleka kwa wake za askari.

Nilirudi jioni. Alikuwa ameketi mlangoni, kofia kichwani, na safari hii yeye ndiye aliyenitazama kwa mashaka.

"Umekawia."

"Nimetazama filme kwa Goreti."

Akainamisha macho. Kisha akauliza, "Ilikuwa namna gani?"

"Si mbaya. Nimebakia mpaka majina ikapanda." Nikakaa karibu naye. "Nimetafuta moja, Baba Bienfait. Sikuiona."

Baudouin akavua kofia. Jioni ile alilia nyumbani kwake.