Tabasamu la Kazini

Mchana ule mgahawa ulijaa mapema, na Sahani ndiye aliyekuwa na meza za dirishani. Jina hilo alipewa na mpishi, kwa kuwa aliweza kutoka jikoni na sahani nne kwenye mkono mmoja na jagi la maji kwenye mkono wa pili, akasukuma mlango kwa nyonga, na mchuzi usitikisike. Kazi ile ilikuwa imemfunza mambo ambayo shule haikuyagusa. Alimjua mlalamishi kwa namna alivyovuta kiti. Alikumbuka nani hataki kitunguu, hata kama hajamwona tangu mwaka jana. Aliweza kuomba radhi kwa kosa la mwingine, na kumeza tusi kama mtu anayemeza kidonge, kisha akauliza kama kuna kingine cha kuleta.

Na alijua kutabasamu. Tabasamu la kazi lilikuwa kama aproni: lilivaliwa asubuhi, likavuliwa jioni, likatundikwa msumarini kwenye chumba cha kubadilishia nguo pamoja na ya wenzake. Yalining'inia pale hadi kesho yake bila kumsumbua mtu. Mara mojamoja wahudumu wawili walibadilishana kwa bahati mbaya, na wateja hawakugundua.

Simu iliita akiwa anachomeka mishumaa kwenye keki. Kwenye meza kubwa bwana mmoja alikuwa akisherehekea siku yake ya kuzaliwa, na familia yake ilitaka aimbiwe. Aliyepiga alikuwa jirani wa nyumbani kwao.

"Mwanangu, jikaze. Baba yako ametutoka. Nimemkuta peke yake."

Sahani akamwendea meneja, akamweleza. Meneja hakuwa mtu katili. Alimshika bega, akasema, "Pole sana, dada. Pole kwa kweli." Kisha akaigeukia keki, ambayo mpishi alikuwa ameshaiwasha. "Uamuzi ni wako. Ila meza ni yako, na nta inadondoka."

Angeweza kuondoka. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba hakuna aliyemfunga kamba. Aliibeba keki, akaimba, akapiga makofi, akaimba tena kwa sababu mke wa yule bwana hakuwahi kuwasha kamera mara ya kwanza. Akakata vipande, akauliza nani atakunywa kahawa. Yule bwana akamwambia, "Binti, una uso mkunjufu. Wazazi wako walikulea." Akajibu asante.

Chumbani, aproni ilitoka. Tabasamu halikutoka. Alilikwaruza kwa kucha, akalipaka sabuni, kisha mafuta ya kupikia. Mpishi akaja na kijiko, akajaribu kulibandua kutoka pembeni.

"Limeshika," akasema. "Nenda nalo tu, utachelewa."

Nyumbani watu walikuwa wameshajaa, viti vya kuazima vimepangwa mpaka nje. Sahani aliingia akitabasamu. Shangazi yake, dada wa marehemu, alisimama.

"Wewe huna haya? Kaka yangu amelala mle ndani, wewe meno nje!"

"Ni la kazini, shangazi. Haliondoki."

Shangazi akalisugua kwa kidole gumba, akaona ni kweli. Hasira yake haikupungua. "Basi lifunike. Watu watasema nini?" Akamfunga mtandio kuanzia puani kwenda chini. Mke wa mjomba, ambaye ni muuguzi, alichungulia ndani ya mtandio, akasema huo si ugonjwa, ni kazi. Alishawahi kuliona kwa makarani wawili wa benki, na kwa mpokea wageni mmoja wa hoteli ambaye alizikwa nalo.

Sahani alilia, maana baba ni baba. Machozi yalishuka mpaka kwenye mashavu yaliyoinuka, hapo yakakosa njia, yakapinda na kumwingia masikioni. Waliokaa karibu naye walitazama pembeni.

Mama yake alikuwa ameketi pembeni ya jiko, mikono yote miwili ndani ya beseni la maji. Waliokuja kumpa pole walimgusa begani, kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vinaunguza. Maji ya beseni yalipoanza kutokota, shangazi aliyachukua ya kupikia chai, akamletea mengine.

Kukaa kulimshinda Sahani. Akainuka, akaanza kuhudumia. Wajomba wawili walikuwa wanagombea nani azungumze makaburini. Akawapa kila mmoja kikombe cha chai kilichojaa hadi mdomoni, kwa sababu mtu mwenye chai ya moto mkononi hanyooshi kidole. Wakanyamaza. Akamwona mzee rafiki wa baba yake akisukumasukuma chakula, akaelewa ni meno, akamletea uji bila kuulizwa. Alijua nani ameshakula na nani anaona aibu kuomba. "Huyu mtoto ana mikono!" watu wakasema. Akaona fahari, kisha fahari ile ikamwakia usoni chini ya mtandio. Alikuwa anauendesha msiba wa baba yake kama meza ya dirishani, na aliuendesha vizuri.

Baada ya mazishi watu walitawanyika. Mama na binti wakabaki jikoni na vyombo.

"Mama," Sahani akasema, "nilipopigiwa simu sikuondoka. Kuna mtu nilimwimbia kwanza."

Mama alisugua sufuria kwa muda. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye nyumba za watu.

"Asubuhi ile baba yako aliniambia kifua kinambana," akasema. "Akaniomba nikae naye. Nikamwambia nitarudi mchana. Mchana bosi akasema yamebaki mashati tu. Nikayamaliza." Akavitazama viganja vyake. "Yalinyooka, mwanangu. Sijawahi kunyoosha nguo namna ile."

Sahani alitaka kumwambia pole, lakini neno hilo alikuwa ameshalitumia mno kwa mchuzi uliopoa. Akachukua kitambaa, akakausha vikombe.

Wiki iliyofuata walirudi kazini. Meneja alipoliona tabasamu limekaa, alimhamishia Sahani mlangoni, mahali wateja wanapoanzia, akamwomba awe anafika mapema zaidi, maana siku hizi hahitaji muda wa kujiandaa. Mama naye hachomeki tena pasi. Hupitisha mikono juu ya mashati ya watu, na mashati hunyooka. Bosi wake amemsifu kwa majirani, kwa kuwa bili ya umeme imeshuka, na majirani wawili wameshamletea na mashuka yao.

Jioni mama hupasha chakula kwa kuishika sufuria, na binti hupakua. Shangazi huja siku za mapumziko, huketi, hunyoosha miguu, na kuwasifu.

"Nyumba hii siku hizi ina joto," husema, "na mtu anapokelewa kwa uso mkunjufu."

"Asante, shangazi," husema Sahani. Mama huficha mikono chini ya meza, na wote wawili hutazama sakafu mpaka shangazi amalize kula.