Banjo la Nusu Godoro

Kwa miaka kumi na minane mume wangu alipiga gitaa katika bendi ya watu wanne. Walipiga kwenye harusi na mahafali, na kila Jumamosi mchana kwenye bustani ya hoteli moja. Siku za kazi alikuwa fundi bomba. Jumatatu hadi Ijumaa ungeweza kuhesabu maneno yake kwa vidole, lakini akirudi Jumamosi jioni alikuwa anaongea mpaka Jumapili mchana, chumba hadi chumba, akinifuata hata bafuni na kuzungumza kupitia mlangoni. Kwa hiyo alipokuja kiongozi wa bendi nyumbani kwetu, akakataa kiti na kukataa chai, moyo wangu ulishtuka kwa ajili ya zile Jumapili.

Kiongozi alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na wote tulimwita Mwalimu. Alisimama katikati ya sebule akitazama dari.

"Mpwa wangu amehamia hapa," alisema. "Anapiga gitaa."

"Vizuri," mume wangu akasema.

"Anapiga sana."

"Vizuri."

"Sasa magitaa mawili yanakanyagana. Ni hesabu tu, ndugu yangu, usinichukie. Ungekuwa na chombo kingine, lingekuwa jambo jingine. Mwenye hoteli kila siku ananiuliza habari za banjo."

"Banjo ninalo," mume wangu akasema.

Nilikuwa kwenye cherehani yangu, natia uzi. Nilijichoma kidole.

Mwalimu aliteremsha macho kutoka darini kwa mara ya kwanza. "Unalo?"

"Ninalo."

"Basi Jumamosi ya tatu kutoka leo tukusikie. Ukiweza, nafasi yako ipo. Usipoweza..." Akarudisha macho darini.

Alipotoka nilimgeukia mume wangu. "Baba Pacha, banjo lipi hilo?"

"Nitakalonunua."

"Na kulipiga unajua?"

"Mama Pacha, banjo ni gitaa lenye kitambi. Nitashindwaje?"

Tulikuwa tumeweka akiba ya godoro jipya, maana la zamani lilikuwa na shimo upande wangu. Tulikubaliana achukue nusu. Ndiyo iliyokuwa bajeti yake: nusu godoro, wala si shilingi moja zaidi.

Alilipata kwa muuza vitu vilivyotumika, bwana mmoja mnene ambaye duka lake lilijaa mafeni yasiyozunguka. Banjo lilining'inia kati ya saa ya ukutani na pasi. Nilikwenda naye ili nizilinde pesa, basi nilisikia kila neno.

"Mjomba, kile pale ni kitu gani?" mume wangu aliuliza, kama mtu asiye na haja nacho.

"Kile ni ngoma na gitaa pamoja. Vitu viwili. Kwa hiyo bei ni ya vitu viwili."

"Mimi naona nusu ngoma na nusu gitaa."

"Nusu na nusu ni kizima, mpwa wangu."

"Kizima kiko wapi? Tazama hapa."

Akalishusha na kumwonyesha. Kule kichwani, mahali pa kukazia nyuzi, palikuwa na vishikizo vinne. Mume wangu huviita masikio. Lakini sikio la tano lilikuwa limechomekwa ubavuni mwa shingo, katikati ya njia, halina uzi, liko peke yake kama mtu aliyekosea kituo cha basi.

"Aliyetengeneza hiki alikuwa amelewa," mume wangu akasema.

Muuzaji aliinama, akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. Niliona wazi kwamba naye hajui. "Mh," alisema. "Kweli. Basi nakupunguzia kwa ajili ya huo ulemavu."

Ikashuka mpaka nusu godoro kamili. Mume wangu alitoka dukani akipiga mluzi. "Fundi anaijua kasoro akiiona," aliniambia. Njiani tulipita kwa seremala, ambaye aling'oa lile sikio, akaziba tundu kwa mbao, akapiga msasa, akapaka vanishi. "Pitisha kidole hapa," seremala alisema kwa majivuno. "Hata mchwa hawezi kujua palikuwa na tundu." Mume wangu akapitisha kidole, akamshukuru sana.

Tatizo la kwanza lilikuwa ngozi. Tumbo la banjo ni ngozi ya mbuzi iliyowambwa juu ya duara la mbao na kushikwa na nati ishirini na nne pande zote, na ngozi hiyo ilikuwa imelegea. Mume wangu akazikaza nati moja baada ya nyingine, akizunguka kama anayefunga mfuniko wa pipa. Alipomaliza, ngozi ilikuwa imepinda upande, kama mdomo wa mtu aliyenuna.

"Lete hapa," nilimwambia.

"Wewe unajua nini habari za banjo?"

"Sijui habari za banjo. Najua fremu ya kudarizi. Kitambaa hukikazi kwa kuzunguka. Unakaza huku kidogo, unavuka upande wa pili unakaza kidogo, halafu unarudi. Ukiwa na pupa kinapinda."

Nilichukua spana ndogo ya cherehani yangu na kuzilegeza nati zote, nikaanza upya, huku na kule. Ilichukua muda wa kupika maharage. Nilipogonga kwa kucha ilijibu *ta!* Mume wangu alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama siku ya kazi.

Kisha akaanza kupiga. Alizifunga nyuzi nne na kuzipangilia kama za gitaa, na vidole vyake vikaenda kwenye nyimbo zile zile alizozijua. Ilisikika kama gitaa lililoangukia kabati la vyombo. Na halikuwa na mahali pa kupunguza sauti. Nilijaza vipande vya nguo nyuma ya ngozi, vitenge, bitana, mpaka soksi, na bado kila mtu upande wa pili wa ukuta alisikia. Mabinti zetu mapacha walihamishia madaftari kwa shangazi yao, wakisema mtihani umekaribia. Mtihani ulikuwa miezi mitano mbele.

Siku ya saba alikuja jirani yetu, muuguzi anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Alikuwa na kitenge kiunoni na simu mkononi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, dada," mume wangu alisema, ingawa alimzidi umri kwa miaka kumi.

"Usiniamkie. Nimekutafutia mtu anayejua hicho kitu. Tazama anavyofanya. Kama ni lazima unisumbue, basi nisumbue kwa usahihi."

Tukainama watatu juu ya simu. Mtu alikuwa anacheka huku vidole vyake vinakimbia, na katikati ya shingo ya banjo lake lilitokeza sikio.

"Maskini," mume wangu akasema. "Naye lake limekosewa."

Muuguzi akafungua video nyingine. Sikio lilikuwepo. Ya tatu, mwanamke mzee kwenye ngazi za nyumba. Sikio.

"Wote hao walitengenezewa na mlevi mmoja?" nilimuuliza.

Mume wangu alikaa chini kwenye ndoo ya maji. Ilikuwa na maji.

Kesho yake alikwenda kwa seremala kabla hata ya kwenda kazini. Nilipewa habari na seremala mwenyewe, ambaye aliendelea kuisimulia kwa miaka.

"Nitoboe kazi yangu mwenyewe?"

"Toboa, fundi."

"Wapi?"

"Pale pale."

"Sasa kwa nini uliniambia nizibe?"

"Kwa sababu mimi ni mjinga, fundi. Unataka niandike barua? Toboa."

Na sikio lenyewe seremala alikuwa amelipachika kwenye droo yake liwe kishikio, na droo ilikuwa haijawahi kufunguka vizuri namna ile. Hakulitoa mpaka alipoletewa koki ya shaba badala yake. Huenda hiyo ndiyo droo pekee yenye koki.

Hapo ndipo shida ya kweli ilipoanza. Kwenye gitaa, dole gumba linakaa juu na kazi yake ni besi, nyuzi nene. Kwenye banjo, mahali hapo hapo unakaa uzi wa tano, ule wa lile sikio, mfupi, ambao ni mwembamba na wenye sauti kali kuliko yote. Miaka kumi na minane dole gumba la mume wangu lilikuwa linakwenda juu kutafuta besi; sasa kila likienda linakuta filimbi. Alikuwa anashtuka kweli kweli. Nilimwona akilikemea: "Wewe! Hapo si kwenu!" Wiki mbili zilikuwa zimebaki, na alianza kuogopa. Nilijua kwa sababu aliacha kufanya mzaha.

Kwa hiyo alijizoeza kila mahali. Gumba, cha shahada, gumba, cha kati. Ukingoni mwa meza. Begani kwangu, tukiwa tunasubiri maji yachemke. Kwenye mabomba ya wateja, ambao walidhani anasikiliza kama panavuja, wakamsifu kwa umakini wake na kumpendekeza kwa ndugu zao. Kucha za bati za kupigia nyuzi alijitengenezea kwa kopo la maziwa, na siku moja alisahau kuzivua akajikuna sikio, akaja kwangu akiwa na damu na aibu.

Ilipofika Jumamosi ya tatu alikuwa na wimbo mmoja. Nusu yake ya pili haikuwa imara.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilimfuata nikisema nabeba mwavuli. Bendi ilifanyia mazoezi stoo, nyuma ya duka la rangi, na wote walikuwa wameshakaa: Mwalimu, mpiga ngoma, mpiga besi, na yule mpwa, kijana mstaarabu mwenye gitaa linalong'aa, aliyeonekana kutaka ardhi immeze. Mume wangu akakaa, akavaa kucha zake, akagusa nyuzi.

*Pu.*

Unyevu ulikuwa umeilegeza ngozi. Akagusa tena. *Pu.* Mwalimu akatazama dari. Mume wangu hakuitazama bendi. Alinitazama mimi, na sijawahi kuona uso wake mdogo namna ile.

Nilifungua mkoba, nikatoa spana. "Niazimeni dakika chache," nilisema, nikalichukua banjo, nikakaa juu ya debe la rangi.

"Shemeji, na wewe ni mwanamuziki?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi ni fundi cherehani."

Huku kidogo, kule kidogo. Walisubiri. Mvua ilipiga bati.

"Shemeji, tutakaa mpaka lini?"

"Mwalimu, wanafunzi wako ulikuwa unawaharakisha kwenye hesabu?"

Mpiga ngoma alicheka, na Mwalimu akarudi kutazama dari. Niligonga kwa kucha. *Ta!* Nikamrudishia.

Akapiga. Nusu ya kwanza ilitoka kama maji kwenye bomba jipya. Kwenye nusu ya pili dole gumba likaanza kupotea, nikamwona analikunjia uso, na hapo yule mpwa, bila kuambiwa na mtu, akaingia chini yake na gitaa taratibu, akimshikia besi ambayo gumba lilikuwa linaitafuta. Vile vyombo viwili havikukanyagana hata mara moja.

Walipomaliza Mwalimu alikohoa. "Una nyimbo ngapi?"

"Tatu."

"Piga wa pili."

Akapiga ule ule, polepole.

"Na wa tatu?"

Ule ule, mbio.

"Ndugu yangu, mimi ni mwalimu wa hesabu. Huo ni wimbo mmoja."

"Mmoja na nusu," mume wangu akasema, "kwa sababu ya mwendo."

Mwalimu alijitahidi kukunja uso, mabega yakamsaliti kwa kucheka. "Nafasi yako ipo. Lakini mvua ikinyesha tutafanyaje?" Akanigeukia. "Shemeji, Jumamosi una kazi gani?"

"Nguo za watu. Mapindo."

"Njoo nazo."

Ndivyo nilivyoingia kwenye bendi. Kwa miaka tisa nilikaa kwenye kiti nyuma ya banjo, kwenye ile bustani, nikishona mapindo na kusikiliza ngozi. Hatimaye mume wangu alijua nyimbo arobaini. Mwalimu alikuwa anawatambulisha wote mwishoni: besi, ngoma, gitaa, banjo. "Na yule mama kule nyuma," alikuwa akisema, "ni idara yetu ya hali ya hewa." Watu walipiga makofi, nami nilisimama na suruali ya mtu mkononi, nikiwa nimechanganyikiwa kwa aibu, na kila Jumamosi mume wangu aligeuza kiti kizima, kichwa peke yake hakikumtosha, ili anione nikipigiwa makofi.