Panya wa Kitinda

Kazi ya maabara Kitinda aliombewa na dada yake. Dada ndiye aliyemwendea Mkuu wa utafiti, ndiye aliyemfundisha mdogo wake kumshika panya bila kung'atwa. Haukupita muda, Mkuu akawa haingii chumba cha panya ila aulize, "Kitinda yuko wapi?" Hata mama yao siku hizi alimpigia simu Kitinda kwanza, Dada akaambulia salamu za juu juu. Dada alimwonea mdogo wake wivu, tena wivu wa kukosa usingizi.

Lililomchoma zaidi ni lile jaribio. Kitinda alikuwa na panya waliokwisha kuugua minyoo ya tumbo, wakapewa dawa, wakapona. Sasa walishwe minyoo michanga upya, pamoja na wengine ambao hawakuwahi kuugua, ionekane kama miili yao imejifunza kuikataa. Likifaulu, Kitinda angepewa maabara yake mwenyewe, ile ambayo Dada aliisubiri tangu hajaota mvi.

Asubuhi ya kuwalisha, Kitinda akaamka na homa.

"Dada, nisaidie. Kila kitu kiko tayari."

"Lala, mdogo wangu. Mimi nipo."

Akapitisha mrija mwembamba mdomoni mwa kila panya, akasukuma dozi ya minyoo. Chupa ilikuwa haijaisha. Akawarudia wale waliowahi kuugua, akawapa dozi nyingine nzima.

"Haya, tuone huko kujifunza kwenu," akawaambia.

Siku ya kupasua panya, Dada alisimama nyuma ya Kitinda. Panya ambao hawakuwahi kuugua walijaa minyoo, myekundu, imejisokota utumbo mzima. Wale waliowahi kuugua walikuwa safi. Kwao minyoo michanga ilinasa kwenye kuta za utumbo, imezingirwa na chembe za kinga, imekufa. Dada aliangalia mara ya pili kwenye hadubini, akatamani kulia.

Mkuu naye akaangalia, akakuna kichwa.

"Kazi nzuri, Kitinda. Ila ulitumia dozi ya kawaida. Wakipewa minyoo mingi zaidi, kinga hii itahimili? Hatujui, na panya wa kurudia hatuna." Akamgeukia Dada. "Maabara ile chukua wewe. Una uzoefu."

Kitinda alifuta machozi haraka, akamkumbatia dada yake shingoni.

"Hongera, Dada. Bila wewe siku ile ya homa, hata hapa nisingefika."

Wivu ukampanda Dada upya, mkali kuliko wa mwanzo. Hata kwa kushindwa mtoto huyu alimzidi wema. Angenyamaza tu, kila kitu kingekuwa chake, lakini hakutaka kuzidiwa hata kwa hilo.

"Haikuwa dozi ya kawaida," akasema. "Wale niliwapa mara mbili."

Uso wa Kitinda uling'aa. "Mara mbili? Na bado wameikataa? Mkuu, umesikia?" Alicheka kwa sauti. Kisha kicheko kikakatika, akamtazama dada yake, na mikono yake ikamwachia shingo.