Duara la Sahani

Askari wa kaunta alimrudishia mke wa fundi viatu mkanda wa mumewe na kamba mbili za viatu. Kipulizio cha pumu alikisukuma kurudi upande wa mwanamke.

"Hiki hakiingii. Dawa zote zinapitia kwa daktari."

"Daktari yuko wapi, afande?"

"Hajaja."

"Atakuja lini?"

Askari alifungua faili. Ndani mlikuwa na ile karatasi ya mtaa ya kudai maji. Mwanamke aliitambua hata kabla haijageuzwa, maana duara la katikati lilichorwa kwa sahani yake mwenyewe ya bati, na pale ilipobonyea ukingoni mstari ulikuwa umeingia ndani kidogo. Majina arobaini yalilizunguka duara hilo. Juu kabisa, chini ya anwani ya baraza la jiji, lilikaa jina la mumewe.

"Wa juu ndiye kiongozi," askari alisema.

"Hatuna kiongozi, afande. Ndiyo maana tuliandika kwa duara, asiwepo wa kwanza."

"Mama, hata siafu wana mkubwa wao." Alicheka peke yake, kisha akashusha sauti, na wala si kwa ubaya. "Sikiliza. Anakohoa tangu alfajiri. Aje mmoja tu kati ya hawa walioandika, atoe maelezo kwamba huyu ni mtu tu kama wao. Kabla ya saa kumi. Baada ya hapo anahamishiwa gereza kuu, na huko mimi simo."

"Nitayatoa mimi."

"Wewe mkewe, na jina lako halimo."

Kweli halikuwamo. Walikubaliana nyumba moja, jina moja.

Alitoka na mtoto mgongoni, kipulizio mkononi. Mtaani kwao bomba lilikuwa kavu mwezi wa nne sasa, na yeye alikuwa dobi. Dobi bila maji ni nini? Ndiyo maana alifurahi watu walipoungana. Vikundi viwili vya nyuma vilikuwa vimekufa, mwenyekiti wa kwanza akanunuliwa, wa pili akatiwa ndani. Basi safari hii waliapa hakuna mwenyekiti wala katibu. Hata kiti chenyewe kilipigwa marufuku mkutanoni; wote walisimama, mpaka wajawazito. Na jambo halikupita hadi mikono yote iwe juu. Mumewe, waliyemwita Gundi, aliupenda utaratibu huo kuliko alivyopenda kula.

Saa saba walikusanyika penye bomba, watu kama thelathini. Mkutano ulianza Mwalimu alipokohoa. Mwalimu alikuwa mstaafu asiye na cheo chochote pale, ila hakuna mkutano uliowahi kuanza kabla hajakohoa.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Hili linatugusa sote."

"Basi aje mmoja, twende. Ni maelezo ya mistari miwili."

"Nani aende?" aliuliza muuza mkaa.

"Yeyote."

"Yeyote ndiye nani?"

Mwalimu aliinua kiganja. "Akienda mmoja amekuwa mwakilishi, na mwakilishi ni kiongozi aliyebadilishiwa jina. Gundi mwenyewe angekataa. Tusibomoe msingi kwa ajili ya mtu mmoja."

"Mtu mmoja huyo ana pumu, Mwalimu."

"Twendeni wote basi!" alisema fundi cherehani, na mikono ikaanza kupanda. Wa muuza mkaa ulibaki chini. Alisema wakikamatwa wote, watoto watalala kwa nani? Hakusema uongo. Lakini mkono mmoja chini ni mkono mmoja chini, na jambo likafa pale pale.

Mke wa fundi alihisi machozi yakimjia, akayazuia kwa hasira.

"Mwalimu, siku ile nani alimwambia Gundi aanze yeye, pale juu, eti mwandiko wake mzuri?"

Watu walimgeukia Mwalimu.

"Na jina lako liko wapi? Liko chini kabisa, pale mtu anaposhikia karatasi."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Hasira hasara, shemeji. Penye wengi hapaharibiki neno."

"Penye wengi pana mengi," bibi mmoja alinong'ona nyuma. Wachache walicheka, kisha wakaona aibu.

Ndipo Mwalimu alipotoa wazo la barua mpya, ya kudai Gundi aachiwe. Mikono yote ilipanda mara moja. Lilikuwa jambo lililopita haraka kuliko yote tangu waanze. Mtu alitumwa nyumbani kwa Gundi kuchukua ile sahani ya bati.

Saa tisa karatasi ilianza kuzunguka. Kila aliyeipokea aliigeuza kwanza, akatafuta anwani iko upande gani, ndipo akaandika. Fundi cherehani aliandika chini. Muuza mkaa alijibana pembeni yake. Bibi aliyenong'ona naye alijipenyeza papo hapo. Majina yalisongamana chini ya duara, mengine yakapanda juu ya mengine hata yasisomeke. Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja. Aliwafulia nguo zao karibu wote, alijua shati la nani limechanika kwapani. Alitaka kuwachukia, akashindwa.

Saa tisa na nusu Mwalimu alimletea karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Malizia wewe, shemeji. Nafasi ipo."

Ilikuwepo, pana, nyeupe, chini ya anwani. Mtoto alimpiga teke mgongoni. Alihamishia kipulizio mkono wa kushoto, akapokea kalamu, na watu thelathini wakatazama chini wakingoja aandike.