Kiraka cha Shingoni

Kwenye ile picha ya simuni nimecheka meno yote nje, na kichwa changu kimemziba mama aliyeanzisha ukoo wetu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mchoro wa kijiji, ule wa kale wa kwenye gome la mti, ulikuwa unaliwa na unyevu, nikapewa kazi ya kuunakili. Siku ya kwanza nikajipiga picha mbele yake. Kila mwanzilishi wa ukoo kachorwa kichwa tu, na nyuma yake, kwa mstari mwembamba, kimeunganishwa kijipicha cha jina lake: nyoka, jiwe, ua. Cha mwanzilishi wetu ni nguo. Huipili, vazi la wanawake. Chemchemi ya kijiji ni yake, na hurithiwa na mabinti wa ukoo.

Nguo nikaichora. Kiraka chekundu cha chini ya shingo nikakisahau. Mvua zikaja, paa likavuja, mchoro wa zamani ukawa uji.

Don Macedonio, kaka yake bibi, alikuja kuangalia nakala yangu akiwa na hamu ya kuchimba mabwawa ya samaki kwenye chemchemi. "Hiki kizibao cha mwanamume," akasema. "Kumbe alikuwa baba. Basi chemchemi inakuja kwangu."

Bibi, ambaye sufu zake zote huoshwa pale, alinigeukia. "Kila asubuhi unanivalisha. Shingo bila kiraka si inachanika?"

"Nilisahau, bibi."

"Mjukuu wa mfumaji."

Kwenye baraza la wazee lililoitwa kuamua, bibi akaniambia, "Lete hilo lisimu. Kutwa linakaa mezani kama mgeni, leo lifanye kazi."

Nikawaonyesha ile picha. Wazee wakacheka.

"Naona pua tu, binti," akasema Don Macedonio.

"Kuza hapo nyuma ya sikio," bibi akasema.

Nikakuza. Shingo ya nguo, na chini yake kona ndogo, nyekundu.

"Macedonio, mama alikushonea vizibao vingapi?"

"Viwili."

"Vilikuwa na kiraka hapo?"

Alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeingia. "Havikuwa nacho, dada."

Mwenyekiti akafunga baraza, watu wakaenda kula.

Kiraka nilikichora jioni ileile, bibi kaniketia mbele na huipili lake, hatikisiki. Kwa hiyo kilichopo ukutani leo ni kiraka cha bibi. Cha yule mama wa kale imebaki kona tu, nyuma ya sikio langu.