Pamba Fifi kwenye Gunia la Wifi

Kwa miaka ishirini mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa mdogo wangu Masele. Mgeni akiingia uani asubuhi na kusema, "Mwangaluka," Masele alikazia macho vidole vyake, nami nikamwitikia mgeni na kueleza kwamba kijana hana kiburi, ndivyo alivyo. Nilijua kwamba hali ugali ulioguswa na mchuzi. Nilijua kelele za ngoma zinamuumiza. Nani mwingine angejua?

Mwaka 1971, msimu wa kuchambua pamba, kaka yetu Januari alimwoa Esta wa Kharumwa, akamleta kwetu Mhunze. Siku ya kwanza Esta alimsalimu Masele. Nikaitikia.

"Wifi, nimemsalimu shemeji," alisema akicheka. "Wewe nilishakusalimu."

"Haitikii huyo."

"Basi nitangoja."

Alingoja kweli. Tulikaa watatu kwenye chanja tukichambua kimya, pamba safi huku, fifi yenye madoa kule. Masele akiokota fifi iliyompita Esta, Esta alisema tu, "Ahsante, shemeji." Asubuhi ya tisa, Masele akasema, "Mwangaluka, Esta."

Mimi niliyemlea hakuwahi kunitamkia hilo. Siku hiyohiyo alihamishia kikapu chake upande wa Esta, akaniacha peke yangu na rundo langu.

Siku ya kupeleka pamba kwenye ghala la chama cha ushirika, nilichota fifi nikaifukia katikati ya gunia la Esta. Masele alikuwa amesimama pale pale. Sikumjali. Niliamini haoni yaliyomo moyoni mwa mtu.

Karani alizamisha mkono guniani, akautoa umejaa fifi.

"Mke wa Januari! Kharumwa ndivyo mnavyochambua?"

Foleni nzima ya wanawake ikaangua kicheko. Esta aliinamisha kichwa.

"Dada ameiweka," Masele alisema. "Alichota mara tatu."

Kicheko kilikatika. Karani alitusukumia gunia, akatuambia turudi nalo tukalichambue upya.

Njiani Esta alibaki nyuma, gunia kichwani. Nilimgeukia Masele.

"Kwa nini umeniaibisha?"

Jibu lake lilikuwa tayari kinywani mwangu, kama kawaida: hajui, husema tu anachokiona. Safari hii nililimeza. Tulipita shamba zima la mtama nikingoja.

"Esta hakukosea," alisema mwishowe. "Na wewe una hasira. Siku nyingi. Ukiwa na hasira unaosha sufuria mara mbili. Sikujua sababu."

Nilisimama. Kumbe miaka yote niliyokuwa nikimsoma, naye alikuwa akinisoma, ila sikuwahi kunyamaza hadi anifikie.

"Ni wivu," nilisema. "Niliogopa hunihitaji tena."

"Hukusema."

"Sikusema."

"Sema. Nikiambiwa, naelewa."

Nyuma yetu Esta alitua gunia chini kwa kishindo. "Na mimi niambiwe," alisema, "maana sijakusamehe, wifi. Na gunia hili utalibeba wewe."

Nikamwambia yote, hapo hapo barabarani, bila kujitetea. Hakucheka wala hakunikumbatia. Alinitwisha gunia tu.

"Kesho utakaa upande gani, Masele?" niliuliza, kisha nikafunga mdomo.

Gunia lilinilemea shingo. Sikumharakisha.

"Katikati," akasema.